Sindano Mkononi mwa Hadhira: Mvuto wa Michezo ya Uhusika ya Kimagharibi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mvuto wa aina ya michezo ya tarakilishi inayoweza kuitwa michezo ya uhusika, hususan ile iliyobuniwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Yanafuatilia chimbuko lake tangu mwaka wa 1974, yanabainisha nguzo nne zinazoibeba, na kuzitaja kasoro zake bila kuzionea haya. Hoja kuu ni kwamba kinachomnasa mchezaji si uhuru wa kutenda atakalo, bali ni kule kuwajibishwa kwa alilolitenda. Sehemu ya mwisho inadokeza masuala ya lugha yatakayomkabili yeyote atakayethubutu kuitafsiri michezo hii kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kila msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo hufika mahali ambapo moyo humwenda mbio. Mwana wa Liyongo, aliyekwisha kurubuniwa kwa ahadi za cheo na ndoa, anamnyemelea babaye usingizini, sindano ya shaba mkononi. Msomaji anajua vyema yatakayofuata. Anaweza kusikitika, kulaani au kukifunga kitabu, lakini hana uwezo wa kuushika mkono ule. Tanzia huishi kwa sababu hiyo: mambo yamekwisha kuamuliwa, na hadhira imebakiziwa macho na machozi tu.

Je, hali ingekuwaje iwapo utendi ungefika hapo ukanyamaza, kisha ukamgeukia msomaji na kumkabidhi sindano? Je, iwapo msomaji angelazimika kuamua kama atadunga au ataitupa baharini, kisha aishi na matokeo kwa beti zote zilizosalia? Swali hili laweza kuonekana kuwa la mzaha. Hata hivyo, kwa takriban nusu karne sasa upo utanzu mzima wa usimulizi uliojengwa juu yake. Utanzu huo ni michezo ya uhusika.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wameandika kwa mapana kuhusu mtambaji na hadhira yake, na juu ya jinsi hadhira ya fasihi simulizi inavyoshiriki kwa kuitikia, kuuliza na kukosoa. Aghalabu michezo ya tarakilishi imeachwa nje ya mjadala huo, ikichukuliwa kuwa burudani ya watoto au kipotezea wakati. Makala haya yanashikilia kuwa kuiacha nje ni hasara, kwani baadhi ya michezo hiyo imelijibu kwa ustadi swali ambalo nadharia zetu hulizunguka: hadithi ni mali ya nani, anayeisimulia au anayeipokea?

2.0 Dhana na Chimbuko

Mchezo wa uhusika ni ule ambao mchezaji huchukua nafasi ya mhusika ndani ya hadithi, akamwamulia maneno na matendo, huku uwezo wa mhusika huyo ukipimwa kwa alama zinazoongezeka kadiri anavyopata uzoefu. Mchezo huu hutofautiana na tamthilia kwa kuwa hapana mswada wa mchezaji kuukariri. Hutofautiana pia na michezo ya kulenga shabaha, kwa kuwa wepesi wa vidole hauwi daima ndio wenye kauli ya mwisho; mhusika aliyejaliwa ufasaha huweza kuyashinda kwa ulimi yale ambayo mwenye nguvu huyashinda kwa upanga.

Chimbuko la michezo hii halikuwa tarakilishi. Mnamo mwaka wa 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji waliketi wakiizunguka meza. Mmoja wao alisimulia mandhari, maadui na hatari, na wengine wakaeleza wahusika wao wangefanya nini. Palipozuka shaka kama tendo lingefaulu, dadu lilirushwa, na mashuhuri zaidi kati ya madadu hayo lilikuwa lile la pande 20. Atakayeitazama meza hiyo kwa jicho la fasihi simulizi atamtambua mara moja mtambaji na hadhira yake, ila hapa hadhira haikutosheka kuitikia. Iliingia ndani ya ngano na kuukata msuko wake kokote ilikotaka.

Haukupita muda mrefu kabla ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani kujaribu kumfanya mtambaji huyo kuwa mashine. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, michezo ya aina hii ilikuwa ikichezwa kwenye mfumo wa tarakilishi wa PLATO katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka wa 1981 ulishuhudia kazi mbili zilizoweka msingi: Ultima ya Richard Garriott, na Wizardry ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead.

Kazi hizo mbili zilisafiri hadi Japani, na huko zikazaa mkondo wa pili. Dragon Quest ya mwaka wa 1986 na Final Fantasy ya 1987 zilifungua njia ambamo, kwa jumla, hadithi hubuniwa ikakamilika na shujaa hufuata njia aliyochongewa. Mkondo wa Kimagharibi ulielekea kwingine: shujaa aliachwa mtupu ili mchezaji amjaze, na njia zikaachwa nyingi ili achague. Mgawanyo huu si ukuta wa mawe, kwani kila upande una kazi zinazouvuka, lakini unatosha kuonyesha kinachotafutwa na wapenzi wa mkondo unaojadiliwa hapa.

3.0 Nguzo za Mvuto

3.1 Kujiumba

Nguzo ya kwanza ni uwezo wa mchezaji kumuumba mhusika wake. Katika mchezo wa Morrowind, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka wa 2002, mchezaji huanza akiwa mfungwa ndani ya meli. Anashushwa katika kijiji kidogo cha pwani kiitwacho Seyda Neen, na makarani wa serikali wanamtaka ajieleze: jina lake nani, ni wa kabila gani, anajua kazi gani. Asipotaka kuchagua kazi yake moja kwa moja, huulizwa maswali kumi kuhusu angetenda nini katika hali mbalimbali, na majibu yake ndiyo yanayompa kazi. Ujanja wa tukio hili ni kwamba shughuli kavu ya kujaza alama imegeuzwa kuwa sehemu ya hadithi. Aliyewahi kupanga foleni mbele ya dirisha la karani wa serikali ataitambua hali hiyo mara moja, na kufikia anapotoka mle ofisini, yeye na mhusika wake wamekwisha kuwa kitu kimoja.

Kujiumba kuna maana pale tu ambapo dunia huutambua umbo hilo. Fallout, mchezo uliotolewa na Interplay mwaka wa 1997, ulilielewa jambo hili barabara. Mhusika hupimwa kwa sifa saba, zikiwemo nguvu, haiba na akili. Mchezaji aliyempa mhusika wake akili haba mno hugundua kuwa mhusika huyo hawezi kuunga sentensi. Hunguruma tu, na watu humjibu kwa huruma au dharau. Milango mingi ya mazungumzo humfungia. Kwa njia hii, tarakimu iliyoandikwa mwanzoni hugeuka kuwa hatima, na mchezaji akatambua kuwa usemi ni uwezo sawa na msuli.

3.2 Uchaguzi na Matokeo

Hii ndiyo nguzo kuu, na ndiyo ya kuzingatiwa kwa kina.

Mwaka wa 1985, Garriott alitoa Ultima IV. Hadi wakati huo, michezo mingi ya aina hii ilikuwa na dhamira moja: kuna mwovu, muue. Ultima IV haukuwa na mwovu wa kuuawa mwishoni. Lengo lake lilikuwa mchezaji kuzitimiza fadhila nane, miongoni mwazo uaminifu, huruma, ushujaa, haki na unyenyekevu. La kuvutia zaidi ni namna ulivyompima. Katika baadhi ya maduka ya dawa za uchawi, mwenye duka ni kipofu, na mteja ndiye anayetaja kiasi cha fedha anachokiweka mezani. Mchezaji anaweza kumlipa pungufu. Hakuna kengele itakayolia wala askari atakayetokea. Atapata bidhaa yake na kwenda zake. Lakini mchezo umeona. Alama zake za uaminifu, ambazo hazionyeshwi waziwazi, zimepungua, na siku atakayotaka kukamilisha safari yake ataukuta mlango umefungwa.

Mfano huu unabainisha hoja kuu ya makala haya. Mara nyingi husemwa kuwa watu huipenda michezo ya uhusika kwa sababu huwapa uhuru. Uhuru peke yake, hata hivyo, huchosha upesi. Dunia ambamo lolote latendeka bila kudaiwa ni dunia isiyo na uzito. Kinachomfanya mchezaji asite mbele ya kipofu yule si kwamba anaweza kumwibia, bali ni ile shaka kwamba jambo hilo litakumbukwa. Waswahili husema malipo ni hapa hapa duniani. Michezo bora ya uhusika ni ile iliyoufanya usemi huo kuwa kanuni ya uhandisi.

Fallout uliotajwa awali uliipeleka kanuni hiyo mbele. Hadithi yake inatukia mwaka wa 2161, miaka 84 baada ya vita vya nyuklia kuiteketeza dunia. Shujaa anatoka katika handaki ambamo jamii yake imejificha tangu vita hivyo, akitafuta kifaa cha kusafishia maji kabla ya siku 150 kwisha. Hatimaye anakabiliana na adui mkuu, kiumbe anayewageuza binadamu kuwa majitu ili kukomesha vita vya ubaguzi kati yao. Adui huyu anaweza kuuawa kwa silaha. Aidha, mchezaji aliyetafiti na kupata ushahidi kwamba majitu hayo hayawezi kuzaa anaweza kumwonyesha kuwa ndoto yake haina kizazi, naye akavunjika moyo na kuyakatiza maisha yake mwenyewe. Baada ya hapo msimulizi huelezea, mji mmoja baada ya mwingine, yaliyowapata wakazi kutokana na alichokifanya au kutokifanya mchezaji. Na shujaa, baada ya kuiokoa jamii yake, anakatazwa kurejea nyumbani kwa hofu kwamba vijana wangemuiga na kulihama handaki. Huo ni mwisho mchungu ambao Liyongo, aliyepata kujua chuki ya wenye mamlaka, angeuelewa.

The Witcher 3, kazi ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliyotolewa mwaka wa 2015 na kujengwa juu ya hadithi za Andrzej Sapkowski, uliongeza jambo jingine: uchaguzi usio na upande safi. Katika sehemu moja, shujaa Geralt anakutana na mzuka uliofungwa ndani ya mti. Akiufungua, watoto yatima waliokuwa hatarini wataokoka, lakini kijiji kizima kitaangamia, na mwanamke mmoja atakufa na mumewe ajinyonge kwa majuto. Akiuua, mume na mke wataishi, ijapokuwa mke atakuwa amerukwa na akili, nao watoto hawataonekana tena. Mchezaji haambiwi mapema haya yote. Anachagua gizani, kama binadamu wanavyochagua, kisha kunapambazuka.

3.3 Ulimwengu Unaosomeka

Nguzo ya tatu ni upana na kina cha ulimwengu wenyewe. Morrowind tena ni mfano mwafaka. Mchezo huo hauna alama ya ramani inayomwongoza mchezaji hadi aendako. Huelekezwa kwa maneno, apite daraja, afuate mto, akunje kushoto penye mwamba. Mchezaji hulazimika kusikiliza, kukumbuka na wakati mwingine kupotea. Ndani ya nyumba na mahekalu mna vitabu vinavyoweza kufunguliwa na kusomwa: historia, mahubiri, ngano na hata ripoti za siri.

Hapo ndipo penye utajiri kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Kisa cha kifo cha jagina wa kale aitwaye Nerevar kinasimuliwa kwa namna zinazopingana. Hekalu linafundisha kwamba alikufa kutokana na majeraha ya vita. Watu wa nyika, waliohifadhi masimulizi ya wazee wao, wanashikilia kuwa aliuawa na washauri wake watatu, wale wale wanaoabudiwa sasa na Hekalu kama miungu. Mchezo hautoi hukumu. Mchezaji, ambaye huenda ni Nerevar aliyezaliwa upya au huenda ni mtu wa kawaida tu aliyetumiwa na dola, huachwa ayapime masimulizi hayo kama mtafiti apimavyo matini mbili za utendi mmoja. Wengine waliojidai kuwa Nerevar kabla yake walishindwa, na mizimu yao inamngoja pangoni imweleze kwa nini.

Skyrim wa mwaka wa 2011, ambao ni mdogo wake Morrowind katika mfululizo huo huo, ulirahisisha mambo mengi na kuvutia umati mkubwa zaidi. Kufikia mwaka wa 2023, nakala zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimeuzwa. Wapo wanaoona kuwa urahisi huo uliondoa kitu, kwani mshale unaomwonyesha mchezaji njia humwondolea haja ya kusikiliza. Kwa upande mwingine, milima yake, theluji yake na ile hali ya kuweza kuiacha hadithi kuu na kufuata kijia kisichojulikana kinakokwenda vimewapa watu wengi furaha ya msafiri. Hoja zote mbili zina mashiko.

3.4 Waandani na Lugha

Nguzo ya nne ni waandani wa safari na lugha wanayoisema. Kampuni ya BioWare, iliyoanzishwa nchini Kanada mwaka wa 1995, ilijipatia sifa kwa jambo hili kupitia Baldur's Gate wa mwaka wa 1998. Waandani hao huwa na maoni. Hugombana wao kwa wao, humkosoa kiongozi wao, na hata kumwacha wanapochukizwa na matendo yake. Baldur's Gate 3, uliotolewa mwaka wa 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, umeuendeleza urithi huo. Msimulizi husikika akimsemesha mchezaji, dadu la pande 20 hurushwa waziwazi kwenye kiwambo, na meza ile ya mwaka wa 1974 ikawa imerejea ikiwa na sura na sauti. Mchezo huo ulitunukiwa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards za mwaka wa 2023.

Kazi inayotajwa mara nyingi na wapenzi wa fasihi, hata hivyo, ni Planescape: Torment ya mwaka wa 1999. Shujaa wake hana jina. Anaamka juu ya kitanda cha mochari, mwili umejaa makovu na chale, kumbukumbu zimetoweka. Hawezi kufa. Kila anapouawa huamka tena, na polepole anagundua kwamba ameishi maisha mengi, na kwamba katika baadhi yake alikuwa katili wa kupindukia. Mmoja wa waandani wake, Dak'kon, amefungwa kwake kwa kiapo kutokana na hila ya nafsi yake ya zamani ambayo yeye mwenyewe haikumbuki. Baadaye hufichuka kwamba kila anapokufa na kufufuka, mtu mwingine mahali fulani hufa badala yake. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu amechuma na wakala wasiomjua. Swali linaloendesha kazi nzima ni kama kuna kitu kinachoweza kuigeuza tabia ya mtu, na jibu linaachiwa mchezaji. Mapigano mengi yanaweza kuepukwa, na hata pambano la mwisho laweza kumalizwa kwa mazungumzo. Kwa ufupi, ni riwaya ya kifalsafa inayomngoja msomaji wake aseme neno.

Mrithi wa karibu wa kazi hiyo ni Disco Elysium wa mwaka wa 2019, uliobuniwa na kundi la wasanii wenye asili ya Estonia wakiongozwa na mwandishi Robert Kurvitz. Mpelelezi mlevi, aliyesahau hata jina lake, anachunguza mauaji katika mtaa wa kimaskini wenye majeraha ya mapinduzi yaliyozimwa. Vipaji vyake 24, kama vile mantiki, huruma na mamlaka, ni sauti zinazozungumza kichwani mwake, zinazoshindana na wakati mwingine kumdanganya. Hii ni mbinu ya uzungumzinafsi iliyogawanywa kwa vinywa 24. Jambo la ajabu zaidi ni kuwa kushindwa hakumalizi hadithi. Dadu likimkataa, hadithi huendelea kupitia aibu yake, na mara nyingi aibu hiyo huwa tamu kuliko ushindi.

4.0 Kasoro na Mipaka

Sifa hizi zisimfumbe mtu macho. Kwanza, uchaguzi wenyewe una mipaka. Mchezaji huchagua miongoni mwa yale tu yaliyokwisha kuandikwa. Mtunzi hajaondoka, amejificha nyuma ya milango kadhaa badala ya mmoja. Mfululizo wa Mass Effect wa BioWare ulilidhihirisha jambo hili kwa uchungu. Maamuzi ya sehemu ya kwanza, ya mwaka wa 2007, yalibebwa hadi ya tatu, ya mwaka wa 2012. Mwandani aliyepoteza maisha katika ile ya kwanza kutokana na uamuzi wa mchezaji hakurejea katika zilizofuata. Nafasi yake ilishikwa na mwingine aliye mbaya zaidi. Wachezaji waliishi na maamuzi hayo kwa miaka mitano. Walipofika mwisho na kukuta kwamba yote yamefinywa kuwa chaguo chache zilizofanana, hasira ilikuwa kubwa, na mnamo Juni mwaka huo kampuni ikatoa nyongeza ya kuufafanua mwisho huo bila malipo. Yafaa kuliangalia tukio hili kwa makini. Hadhira ilidai kuwa hadithi ni yake, na mtunzi akalazimika kurudi jukwaani. Mtambaji wa jadi aliyewahi kukatizwa na wazee kwa kukosea ngano asingestaajabu.

Pili, baadhi ya michezo huligeuza suala la maadili kuwa mizani ya sukari: alama hizi za wema, zile za uovu. Star Wars: Knights of the Old Republic wa mwaka wa 2003, pamoja na uzuri wake, unaegemea mizani ya namna hiyo, na mchezaji huweza kutenda wema kwa ajili ya alama wala si kwa kuguswa. Tatu, michezo mingi humweka mchezaji kuwa mteule ambaye dunia nzima inamngoja, jambo linaloweza kulea ndoto za ukubwa badala ya tafakuri. Nne, humeza wakati. Mchezo mmoja waweza kuchukua saa 100 au zaidi, na mwanafunzi asiyejitawala atajikuta ameiokoa dunia ya kubuni huku mtihani wake ukiangamia.

5.0 Kiswahili na Michezo ya Uhusika

Hakuna hata mmoja kati ya michezo iliyojadiliwa hapa uliotolewa rasmi kwa Kiswahili. Si kwamba lugha hii ni ngeni kabisa katika fani hiyo. Wimbo wa Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV wa mwaka wa 2005, ambao ni mchezo wa aina nyingine, huimbwa kwa Kiswahili, na mwaka wa 2011 ulipata tuzo ya Grammy. Lakini wimbo husikika tu, ilhali mchezo wa uhusika unahitaji lugha itende kazi. Hapo ndipo panapozuka masuala yanayomhusu mwanaisimu.

La kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Programu nyingi huunda sentensi kwa kuunga vipande: idadi huku, jina la kifaa kule. Kiingereza huvumilia mbinu hiyo kwa kuongeza herufi moja ya wingi. Kiswahili hakivumilii. Kisu kimoja kilichovunjika huwa visu vitatu vilivyovunjika. Upanga mmoja uliopotea huwa panga tatu zilizopotea. Programu isiyozijua ngeli itazungumza kama mgeni wa juzi. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina wepesi ambao lugha kadhaa za Ulaya hazina: kiambishi cha nafsi ya tatu hakitofautishi mwanamke na mwanamume, na hivyo sentensi moja humtosha shujaa yeyote aliyeumbwa na mchezaji.

La pili ni maamkizi. Shujaa anayeingia kijijini hawezi kumkabili mzee kwa swali la njia bila shikamoo, na mtafsiri atalazimika kuujua umri wa kila mhusika pale ambapo matini asilia haikuujali. La tatu ni istilahi. Msomi wa mambo ya siri katika michezo hii, anayejifunza nguvu zake vitabuni, hawezi kuitwa mchawi bila kutiwa doa, maana mchawi katika Kiswahili huwadhuru watu. Mganga naye hutibu. Sahiri, kahini na mnajimu ni maneno yenye historia zao. Kila chaguo la mtafsiri litabadilisha jinsi mchezaji anavyomhukumu mhusika hata kabla hajatamka neno.

Zaidi ya tafsiri, upo utunzi. Mwaka wa 2016, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, mchezo wa uhusika wenye mapigano uliochota kutoka kwenye ngano na falsafa za Kiafrika. Kazi hiyo ni ithibati kwamba fani hii haina wenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki ina tendi, visasili na masimulizi yanayokinzana yenye uzito usiopungua ule wa Morrowind, na idara za Kiswahili zina watu wanaozijua matini hizo kwa undani.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa michezo ya uhusika ya Kimagharibi huvutia kwa kumwezesha mchezaji kujiumba, kwa kuyakumbuka matendo yake, kwa kumpa ulimwengu wa kuusoma, na kwa kumzungushia waandani wenye kauli zao. Imebainika pia kwamba uhuru unaotangazwa na wauzaji wake si kiini cha mvuto huo. Kiini chake ni uwajibikaji.

Hilo linaturejesha kwa mwana wa Liyongo. Ingedhaniwa kuwa kumpa msomaji nafasi ya kuitupa sindano kungeiua tanzia. Yumkini kungeizidisha. Katika utendi, msomaji humlaani msaliti akiwa salama upande wa pili wa ukurasa. Katika mchezo, ahadi za cheo na ndoa zingetolewa kwake yeye, kwa sauti tamu, usiku baada ya usiku, na haingetosha kwake kusema kuwa angekataa. Angelazimika kukataa kweli. Wako ambao wangekataa. Wako ambao wangedunga, kwa udadisi tu wa kuona itakuwaje, kisha wakamtazama mama akilia kisimani huku mji ukikosa maji, wakijua kuwa mtunzi hana lawama hata chembe. Siku ambayo mchezo wa namna hiyo utatungwa kwa Kiswahili, hadhira itajifunza juu ya nafsi yake jambo ambalo utendi, kwa utukufu wake wote, haukuwahi kuiuliza.